Safari ndefu ya kuunganisha makanisa ya Kiprotestanti Meru na Embu

MSAFIRI anayetoka mjini Embu kuelekea Meru kwa barabara inayozunguka mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya huvuka mipaka miwili ambayo haimo katika ramani yoyote ya serikali. Kuanzia Embu hadi mto Thuci, makanisa mengi makongwe ya Kiprotestanti ni ya Kianglikana. Akishavuka mto huo na kupita Chuka, Muthambi na Mwimbi, yeye huona zaidi makanisa ya Presbyterian Church of East Africa (PCEA). Anapoingia Imenti, na akiendelea mpaka Tigania na Igembe, jina linalotawala ni Methodist.

Mgawanyiko huo haukutokana na wenyeji kuketi na kuchagua mafundisho yaliyowapendeza. Ulitokana na mapatano ya mashirika ya wamishonari yaliyogawana nchi mwanzoni mwa karne ya 20. Ajabu ni kwamba mashirika hayo hayo, mara tu yalipokwisha kugawana, yalianza kutafuta namna ya kuungana. Juhudi hizo zimepita karne moja sasa. Zimefaulu mahali fulani na kushindwa mahali pengine, na historia yake inaeleza kwa nini vijiji vya eneo hili vina makanisa vilivyo nayo.

MASHIRIKA MATATU, MLIMA MMOJA

Utawala wa Kiingereza ulifungua kituo Embu mwaka wa 1906, na mwaka wa 1908 ofisa E. B. Horne akaanzisha kituo cha Meru. Wamishonari hawakukawia kufuata. Shirika la Church Missionary Society (CMS) la Kanisa la Uingereza lilifungua vituo vya Kabare na Kigari mwaka wa 1910. Kabare sasa iko katika Kaunti ya Kirinyaga, na Kigari iko karibu na mji wa Embu.

Wamethodisti walitoka pwani. Kanisa lao dogo la Uingereza, United Methodist Free Churches, lilikuwa limeanza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka wa 1862. Mwaka wa 1907 kanisa hilo liliungana na makanisa mengine mawili ya Kimethodisti nchini Uingereza na kuwa United Methodist Church. Mwaka wa 1912, chini ya Mchungaji R. T. Worthington, kituo cha Kaaga kilianzishwa karibu na mji wa Meru. Kwa hivyo, hata kabla ya Mmeru wa kwanza kubatizwa Kaaga, kanisa lililomletea Injili lilikuwa lenyewe ni zao la muungano.

Wapresbiteri wa Church of Scotland Mission walikuwa Thogoto tangu 1898 na Tumutumu, Nyeri, tangu 1908. Kutoka huko walimu Waafrika walitangulia kwenda Chogoria, na mwaka wa 1922 Daktari Archibald Clive Irvine akahamia hapo na kuanzisha hospitali ambayo ingali inahudumu hadi leo.

Sababu za kugawana maeneo zilikuwa za kawaida. Pesa zilikuwa chache, wafanyakazi walikuwa wachache, na wamishonari wa Kikatoliki wa Shirika la Consolata, waliofika nchini mwaka wa 1902, walikuwa wakienea kwa kasi pande zote za mlima. Waprotestanti waliona ni hasara na aibu kujenga shule mbili zinazoshindana kwenye mgongo mmoja wa mlima, ilhali mgongo wa pili hauna hata moja.

Mapatano hayo yaliwapa wanakijiji umoja wa aina fulani. Ukoo mzima, na mara nyingi kata nzima, ulijikuta katika dhehebu moja. Lakini yalizua swali ambalo halikuepukika: Je, Mmethodisti wa Imenti akioa, akiajiriwa au akihamia Embu, ambako hakuna kanisa la Methodist, atapokea Meza ya Bwana wapi?

MKUTANO WA 1913

Swali hilo lilikuwa mojawapo ya yale yaliyowakutanisha wamishonari Thogoto, Kikuyu, mwezi Juni 1913. Mashirika makuu yaliyohusika yalikuwa CMS, Church of Scotland Mission, Africa Inland Mission na United Methodist. Miongoni mwa viongozi walikuwamo maaskofu wawili wa Kianglikana, William George Peel wa Mombasa na J. J. Willis wa Uganda.

Mkutano haukupendekeza kanisa moja mara moja. Ulipendekeza shirikisho. Kila shirika lingekubali Maandiko Matakatifu kuwa kanuni ya imani, pamoja na Imani ya Mitume na Imani ya Nikea, ubatizo na Meza ya Bwana. Taratibu za kuwafundisha na kuwapokea waumini zingekaribiana. Muumini anayehamia eneo la shirika jingine angepokewa huko kama ndugu, si kama mgeni. Lengo la mwisho lilikuwa Kanisa moja la Waafrika, lisilorithi magomvi ya Ulaya.

Mwishoni mwa mkutano, Askofu Peel aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na mhubiri alikuwa Mpresbiteri, Dkt Norman Maclean. Wasio Waanglikana walishiriki pamoja na Waanglikana. Ibada hiyo moja ilizua kishindo kilichofika London. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliwashtaki Peel na Willis kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Kwa maoni ya Weston, ushirika na kanisa lisilo na maaskofu ulibomoa msingi wenyewe wa Kanisa.

Davidson alipeleka jambo hilo kwa jopo la maaskofu, na jibu likatolewa mwaka wa 1915. Hakuna aliyehukumiwa kuwa mzushi na nia ya umoja ilisifiwa, lakini ibada ya pamoja ya namna ile haikutakiwa kurudiwa. Uingereza kukazuka mzaha kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu mno, na kwa hivyo isifanywe tena kamwe.

Mkutano wa pili ulifanyika Kikuyu mwaka wa 1918. Weston mwenyewe alihudhuria na kutoa pendekezo lake: muungano uwepo, mradi makanisa yote yakubali uaskofu. Wapresbiteri na Wamethodisti hawakuwa tayari kwa hilo. Kilichopatikana ni Muungano wa Misheni za Kiprotestanti, yaani ushirikiano wa kazi bila muungano wa kanisa. Tunda lake linalojulikana zaidi ni Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926 na kupewa jina la muungano huo. Vijana wa Embu na Meru walikutana huko bila kujali misheni zilizowalea. Mmoja wao alikuwa Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyekuja kuwa waziri kwa miaka mingi katika serikali za Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi.

MIUNGANO ILIYOAMULIWA NG'AMBO

Wakati umoja ukikwama Kikuyu, makanisa mama ya Ulaya yaliendelea kuungana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka wa 1929 Kanisa la Scotland liliungana na United Free Church, na kumaliza sehemu kubwa ya mfarakano uliokuwa umewagawanya Wapresbiteri wa huko tangu 1843. Mwaka wa 1932 makanisa matatu ya Uingereza, yaani Wesleyan, Primitive na United Methodist, yakawa Kanisa moja la Methodist.

Kwa washirika wa Kaaga na vituo vilivyoizunguka, badiliko la 1932 lilikuwa kubwa kwenye karatasi na dogo kwenye kiti cha ibada. Mwenye kulipia misheni alibadilika. Shirika dogo lililokuwa likihangaika kuitunza kazi ya pwani na Meru sasa lilikuwa sehemu ya kanisa kubwa lenye uwezo zaidi. Lakini mzee wa kanisa aliyetembea maili kadhaa kwenda kuhubiri Jumapili hakuulizwa neno lolote. Hali hiyo ya uamuzi kufanywa mbali na kijiji kupelekewa habari ilijirudia mara nyingi baadaye.

MPASUKO WA 1929 NA MOTO WA UAMSHO

Mwaka huo huo wa 1929, Waskoti walipokuwa wakisherehekea umoja kwao Edinburgh, makanisa ya Mlima Kenya yalikuwa yakipasuka. Misheni ziliwataka waumini waape kuikana tohara ya wanawake. Chogoria, chini ya Dkt Irvine aliyekuwa na msimamo mkali, ilipoteza sehemu kubwa kabisa ya washirika wake kwa muda mfupi. Embu na Kaaga pia hazikusalimika.

Waliotoka hawakuacha dini. Walianzisha shule na makanisa yao, na katika miaka ya 1930 harakati hizo zilizaa chama cha shule huru za Wakikuyu (KISA) na kanisa la African Independent Pentecostal Church of Africa (AIPCA), ambalo lilipata mizizi Embu na sehemu za Meru. Tangu hapo, mazungumzo yoyote ya kuunganisha makanisa ya misheni yaliacha nje kundi kubwa la Wakristo wa vijijini ambao hawakuwa na kiti mezani.

Umoja wa kweli ulianza kuonekana upande ambao haukutazamiwa. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulienea katika nyanda za juu za Kenya katika miaka ya 1940. Watu wa Uamsho walikutana nyumbani na katika mikutano mikubwa ya wazi, wakaungama dhambi hadharani na kuitana ndugu. Mwanglikana, Mpresbiteri na Mmethodisti waliimba wimbo mmoja bila kuulizana wamebatizwa wapi. Hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki katika makanisa yao na kuyashona pamoja kutoka ndani.

Lugha nayo ilisaidia, ingawa wakati mwingine ilitenga. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka wa 1926 na Biblia nzima mwaka wa 1951, na Waembu wengi walilelewa katika maandiko hayo. Kwa Wameru, Biblia nzima ya Kimeru ilitoka mwaka wa 1964. Wamethodisti wa Igembe na Wapresbiteri wa Mwimbi, ambao lahaja zao zinatofautiana, sasa walikuwa na kitabu kimoja cha kusoma Jumapili.

HALI YA HATARI NA MUUNGANO WA WAPRESBITERI

Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilifunga shule huru na kuyazima makanisa yaliyohusishwa nazo. Kuanzia Juni 1954 hadi mwishoni mwa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu na Embu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi. Meru nako sera hiyo ilifika. Familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali, kila moja karibu na kanisa lake, zilijikuta zimebanana ndani ya uzio mmoja.

Ni katika miaka hiyo migumu ambapo muungano pekee wa kikanisa uliotimia katika eneo hili ulipatikana. Tangu 1943 Wapresbiteri Waafrika walikuwa na sinodi yao, PCEA. Kando yake palikuwa na presibiteri ya Kanisa la Scotland iliyokusanya shirika za Wazungu, zikiongozwa na St Andrew's ya Nairobi. Mwaka wa 1956, vita vya Mau Mau vikiwa bado havijakoma, pande hizo mbili ziliungana kuwa kanisa moja chini ya Baraza Kuu moja. Mwaka wa 1961 Mchungaji Charles Muhoro Kareri akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza akiwa Moderata.

Kwa mshirika wa Chogoria, maana ya 1956 ilikuwa kwamba mlowezi na mkulima wa kahawa, ambao hawakuruhusiwa kuketi katika hoteli moja, walikuwa kisheria chini ya baraza moja la kanisa. Muungano huu ulifaulu kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na mafundisho mamoja na muundo mmoja wa wazee na mabaraza. Kilichowatenga kilikuwa rangi, wala hakikuwa imani.

NDOTO YA MIAKA YA 1960

Uhuru ulipokaribia, matumaini ya muungano mpana zaidi yalifufuka. Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri, Walutheri na Wamoravian wa Afrika Mashariki walianza mazungumzo rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikuwa na mifano ya kuiga. Kanisa la India Kusini lilikuwa limewaunganisha Waanglikana na wengine mwaka wa 1947. Huko Canada, Wamethodisti na wengi wa Wapresbiteri walikuwa wameungana tangu 1925, wakisukumwa kwa kiasi kikubwa na vijiji vya mashambani ambavyo havikuweza kuwatunza wachungaji wawili. Karibu zaidi na nyumbani, Kanisa la Muungano la Zambia lilizaliwa Januari 1965.

Mwaka wa 1966 kulichapishwa liturujia ya pamoja ya Afrika Mashariki ili itumiwe na makanisa hayo. Chuo cha wachungaji cha Limuru, kilichokuwa cha Waanglikana, kilikuwa tayari kimekuwa chuo cha pamoja cha St Paul's tangu 1955, kikiwafunza Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Kwa hivyo kasisi wa Embu, mchungaji wa Chogoria na mchungaji wa Maua waliweza kuketi darasa moja, ingawa baada ya kuhitimu kila mmoja alirudi katika eneo la misheni yake.

Hata hivyo, kabla ya muongo huo kwisha mazungumzo yalififia. Sababu zilikuwa kadhaa. Kwanza, suala la uaskofu, lile lile la 1913, halikupata jibu. Pili, makanisa yalikuwa ndiyo kwanza yanajitawala na hayakutaka kuukabidhi uhuru huo kwa chombo kingine. Kanisa la Methodist nchini lilijitenga na Uingereza Januari 1967, na mwaka wa 1970 Mchungaji Lawi Imathiu kutoka Meru akachukua uongozi wake. Mwaka huo wa 1970 Waanglikana wa Kenya nao walipata jimbo lao wenyewe. Tatu, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zikifuata njia tofauti za kisiasa, na kanisa moja la nchi tatu lilizidi kuwa gumu kulifikiria.

Sababu ya nne haikuonekana sana katika kumbukumbu za mikutano, bali ilifahamika vyema vijijini. Mpango wa kuunganisha na kusajili mashamba, ulioanza kwa nguvu baada ya 1954, ulitenga viwanja vya shule na makanisa. Kiwanja kikishaandikwa kwa wadhamini wa dhehebu fulani, kanisa haliwi tena kundi la waumini tu. Ni mali, ni makaburi, ni jasho la wazee waliobeba mawe. Kumwambia mshirika aliyechanga kwa miaka mingi kwamba jina la kanisa lake litafutwa ni jambo linalohitaji sababu nzito kuliko hati ya wanateolojia.

MIPAKA YAFUNGUKA, MADHEHEBU YAONGEZEKA

Mapatano ya kugawana maeneo nayo yalizeeka. Sheria ya Elimu ya 1968 ilihamishia usimamizi wa shule kwa serikali na kuyaacha makanisa yakiwa wafadhili tu. Shule, iliyokuwa mlango mkuu wa dhehebu, haikuwa tena chini ya misheni. Wafanyakazi wa serikali, walimu na wafanyabiashara walihamahama, na badala ya kupokewa katika kanisa walilolikuta, walianzisha lao. Ndiyo sababu leo miji ya Meru, Chuka na Embu ina makanisa ya Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti yanayotazamana.

Waanglikana, badala ya kuungana na wengine, walijigawa ili kuwakaribia waumini. Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1975 chini ya Askofu David Gitari, iligawanywa mwaka wa 1990 kuwa Kirinyaga na Embu. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, Mbeere na Meru pia zilikuwa na dayosisi zao. Katika elimu ya juu mwelekeo ulikuwa huo huo: Chuo Kikuu cha Methodist, chenye makao Meru, kilipata hati yake mwaka wa 2006, na mwaka uliofuata St Paul's kikapata yake, na Wapresbiteri nao wakawa na chuo kikuu chao.

Kuna kinaya hapa. Kanisa la Methodist nchini, ambalo mwaka wa 1918 halikuwa tayari kukubali maaskofu, sasa linaongozwa na Askofu Msimamizi. Kikwazo kikubwa cha mazungumzo ya kale kimepungua bila mazungumzo yoyote, lakini muungano haujakaribia kwa sababu hiyo.

KILICHOBAKI

Itakuwa kosa kusema kwamba karne nzima imepotea bure. Baraza la Makanisa nchini (NCCK), ambalo chimbuko lake ni mikutano ya Kikuyu na ambalo liliundwa mwaka wa 1943 kama Baraza la Kikristo la Kenya, limeyaweka makanisa haya meza moja katika masuala ya njaa, elimu, katiba na amani. Muumini anayehama kutoka kanisa moja hadi jingine kati ya haya matatu habatizwi upya. Hospitali za Chogoria na Maua hazimuulizi mgonjwa anasali wapi. Katika mazishi vijijini, si ajabu kumwona kasisi wa Kianglikana na mchungaji wa Methodist wakigawana ibada ya mtu mmoja, kwa kuwa ukoo wake umetawanyika katika makanisa yote mawili.

Ndani ya kila dhehebu pia, muungano mdogo ni jambo la kila siku. Shirika kadhaa za mashambani hushiriki mchungaji mmoja anayezunguka, na kazi ya Jumapili huendeshwa na wazee na wahubiri wasiolipwa. Pale vijana wanapohamia mijini na viti kubaki vitupu, viongozi hulazimika kuuliza kama ni busara kudumisha paa mbili zinazovuja badala ya moja iliyo nzima.

Historia ya Meru na Embu inatoa fundisho moja kwa yeyote atakayeliuliza swali hilo. Muungano wa 1956 ulidumu kwa sababu ulihusu watu waliokwisha kukubaliana katika imani na taratibu. Uamsho ulidumu kwa sababu haukumwomba mtu aache kanisa lake. Mipango iliyoporomoka ni ile iliyoandikwa kwa ufasaha mikutanoni kisha ikapelekwa kijijini kama habari. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mwaka wa 1913, wengi waliohusika hawakuwamo chumbani. Wajukuu wao ndio wanaoshika funguo za makanisa hayo leo, na uamuzi wa kufungua au kufunga milango ya katikati uko mikononi mwao.